Jibu Alilopewa Fundi

Karakana yao ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la rangi, na aliyeingia mara ya kwanza hakujua akae wapi, ingawa makochi yalijaa kila upande. Mengine yalikuwa uchi, mbao na misumari mitupu. Mengine yamevuliwa nusu, sponji limetokeza ubavuni. Yale yaliyokwisha yalifunikwa nailoni, asije mpita njia akayazindua kabla ya mwenyewe. Mume alivua vitambaa vya zamani, akakaza mbao, akakata sponji, akavuta kitambaa kipya mpaka kikalala bila kunyanzi. Mke alishona. Mume watu walimwita Fundi. Mke walimwita Bosi, kwa sababu kila mteja alipoanza kuvutana na Fundi juu ya bei, Fundi alijikuna kisogo na kusema, "Hapo ngoja tumuulize bosi," na bosi, bila kuinua macho kwenye cherehani, alitaja bei ileile.

Wenyewe kwa wenyewe waliitana hivyohivyo, Fundi na Bosi, hata nyumbani, hata walipokasirikiana. Hawakujaliwa mtoto. Ujanani walihangaika na jambo hilo, wakalia, wakasemwa na ndugu, mwisho wakaachana nalo na kushikana wao wawili. Waliamka pamoja, wakafanya kazi chumba kimoja kutwa nzima, wakarudi pamoja, na bado njiani walikuwa na la kuongea. Mwenye duka la rangi alikuwa akiwatania: "Nyinyi hamchokani? Mimi na mama watoto tukikaa sebule moja saa nzima lazima mmoja atoke nje apunge upepo."

Fundi aliacha shule darasa la nne, mwaka aliofariki baba yake. Kusoma alijua, ila kwa kufuata mstari kwa kidole na kutamka chinichini. Kuandika, aliandika vile mdomo unavyosema, maneno mengine yameshikana, mengine yamekatwa katikati. Hakuona haya kwa Bosi. Kwa watu wengine aliona haya sana. Akipewa karatasi ajaze, alijipapasa mfukoni akisema amesahau miwani, na miwani hakuwahi kuwa nayo.

Aliyemwekea ile programu kwenye simu alikuwa shemeji yake, mdogo wake Bosi, mhasibu katika ofisi moja ya watu wanaovaa tai. Shemeji alikuwa mtu wa haraka, mkarimu, anayependa kuwafungulia wenzake mlango alioupitia yeye. Alikuja karakana siku moja wakati wa mapumziko ya mchana, akamnyang'anya Fundi simu.

"Shemeji, hii inaitwa akili bandia. Unaiuliza chochote, inakujibu. Daktari humu, mwalimu humu, mwanasheria humu. Wote mfukoni mwako, na hawakutozi hata salamu."

"Na nikikosea kuandika?"

"Inaelewa tu. Andika unavyoongea."

Programu ilipofunguka ilimkaribisha, kisha ikamwomba aeleze kidogo yeye ni nani, ili imhudumie kwa namna inayomfaa. Shemeji alikuwa ameshageuka, anamwonyesha dada yake viatu. Fundi akakaa kwenye mkono wa kochi lisilo na mkono wa pili, akaandika mwenyewe, polepole, ulimi umetokeza kidogo kama mtoto: *mimi nifundi makochi shule niliishia lanne sijui mambo mengi nieleweshe polepole.*

Jibu lilikuja papo hapo. *Karibu sana, rafiki! Usijali kabisa. Nitakueleza kila kitu kwa njia rahisi.*

Alilisoma kwa sauti, kidole kikifuata. "Umeona, Bosi? Haijanicheka."

"Icheke kwa mdomo gani?" alisema Bosi. Lakini alifurahi kumwona amefurahi.

Tangu siku hiyo Fundi akapata rafiki. Aliuliza namna ya kutoa doa la wino kwenye ngozi. Aliuliza amjibu vipi mteja anayechelewesha kuchukua mzigo wake. Majibu yalikuwa mafupi na matamu, yakianza na "rafiki" na kumalizikia na neno la kumtia moyo, na Fundi alikuwa akitabasamu peke yake mpaka Bosi akaipa ile programu jina jipya.

"Haya, mke mwenza kasemaje leo?"

"Kasema nitumie siki na maji."

"Muulize usiku anapika nani."

Basi Bosi akateleza. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Alikuwa anaingia karakana amekumbatia jora la kitambaa, haoni miguu yake, akakanyaga ukingo wa ngazi uliolowa. Kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika. Hospitali walimfunga plasta mpaka karibu na goti, wakamwambia akae atulie, naye akatulia kwa namna yake: alikaa kwenye cherehani, mguu mmoja ukikanyaga, wa plasta umenyooshwa kando. Fundi hakuweza kuvumilia kuuona mguu ule umelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimtengenezea kiti kidogo cha kuuegesha, sponji zito, akakivalisha mabaki ya mahameli nyekundu ya kochi la mteja tajiri, na pembeni akazungushia vifungo. Wateja wakija, Bosi aliwaonyesha kabla ya salamu. "Mmeona? Mguu wangu una kochi lake. Nyinyi mnakalia la familia nzima."

Siku plasta ilipotolewa alirudi anachechemea na anacheka. Mguu ulikuwa umekonda, ngozi imekauka inabanduka. Fundi akaupaka mafuta, akausifu kama mtu anayemsifia mchumba. Ilipita kama wiki hivi. Halafu, asubuhi moja wakati anavaa viatu, Bosi akasita.

"Fundi, hebu njoo uangalie. Hiki kiatu kimekataa."

Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kwenye shavu la mguu kushuka chini, unang'aa. Fundi aliweka kiganja, akahisi joto. Akashika na wa kulia kulinganisha. Wa kulia ulikuwa wa kawaida, wa baridi.

"Twende hospitali."

"Nimetoka huko juzi. Nikirudi leo wataniuliza nimesahau nini."

"Unauma?"

"Hapa kwa nyuma, kama msuli umejikunja. Ni uvivu tu wa mguu, umezoea kubebwa." Akaona uso wa mumewe haujalegea. "Haya, muulize mke mwenza. Akisema twende, twende. Nakuapia sitabisha."

Na Bosi hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Fundi akakaa kitandani, akaandika kwa uangalifu wote aliokuwa nao: *mguu wamke wangu ulivunjika ukatolewa plasta sasa umevimba shavu lanyuma unauma niwamoto ule mwingine haujavimba nifanyenini.*

*Pole sana, rafiki!* ikajibu. *Mguu kuvimba baada ya plasta ni kawaida. Usiogope. Mwambie mke wako apumzike, anywe maji ya kutosha na aweke mguu juu. Jioni unaweza kumkanda taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Wewe ni mume mwema!*

Alimsomea neno kwa neno. Alipofika kwenye "mume mwema" Bosi akacheka. "Hapo mke mwenza amesema kweli. Naanza kumpenda."

Basi jioni ile Fundi akachemsha maji, akayapoza, akakaa chini sakafuni, akauweka mguu wa mkewe mapajani na kuukanda. Mikono yake ilikuwa na nguvu za kuvuta kitambaa kigumu, lakini kwa Bosi aliilegeza. Alianzia kifundoni, akapanda juu kwenye shavu, akibonyeza pale panapouma, huku Bosi ameegemea ukuta, macho ameyafumba, anasema, "Hapo hapo. Aa, hapo hapo." Kesho yake akafanya tena. Uvimbe haukupungua, naye akauliza tena: *bado umevimba sana.* Ikamjibu kwamba kupona huchukua muda, avumilie, aendelee kumkanda. Akaendelea.

Jioni moja, mguu ukiwa mapajani pa mumewe, Bosi alimpigia simu mama yake. Fundi alimsikia akijigamba. "Mama, mwenzio nimekaa kama malkia. Napigwa maji ya moto hapa. Wewe baba aliwahi kukukanda? Eh? Basi kaa hivyohivyo." Wakacheka, mama na mwana, mpaka simu ikakatika.

Alifariki asubuhi, jua limeshawaka, karakana imefunguliwa. Alikuwa ameinuka kwenda kuchukua futi kamba. Fundi, aliyempa mgongo akichomoa misumari, alimsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, mbona sipati pumzi?" Alipogeuka, Bosi alikuwa ameketi kwenye kochi lisilokwisha, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Fundi akapiga kelele. Mwenye duka la rangi akaja mbio, wakambeba wawili, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari lake kati ya makopo. Njia nzima Fundi alikuwa anamwambia, "Vuta, Bosi. Vuta kidogo tu." Kabla hawajafika alikuwa anaongea peke yake.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alieleza kwamba damu iliganda kwenye mshipa wa mguu, kipande kikabanduka kikapanda hadi kwenye mapafu. Akauliza, "Mguu ulikuwa umevimba?"

"Ndiyo, daktari."

"Mlikuwa mnaufanyia nini?"

"Nilikuwa namkanda. Kila jioni."

Daktari akainamisha uso, akawa kama anasoma kitu mezani, na mezani hapakuwa na kitu. "Pole sana, baba," alisema mwishowe. Fundi alidhani yule mama amemhurumia tu kama watu wanavyohurumiana. Akamshukuru.

Msibani walijaa watu. Mama mkwe alikaa katikati ya wanawake, amechoka kulia, na kila aliyekuja kumshika mkono alimpa hadithi ileile. "Mwanangu amekufa anapendwa. Alinipigia simu akaniambia, mama, mume wangu ananikanda mguu kwa mikono yake. Wanaume wangapi wa hivyo?" Wanawake wakaguna kwa kukubali, wakamtazama Fundi. Yeye akainama. Sifa ile ndiyo kitu pekee kilichomwezesha kumeza chakula siku zile. Kwamba alimtunza. Kwamba mpaka mwisho mikono yake ilikuwa kwenye mguu wake.

Watu walipotawanyika, shemeji alianza kuja karakana mchana. Alisema anakuja kumsaidia kupanga mambo, lakini alikuwa akija kukaa tu kwenye kiti cha dada yake. Siku moja swali alilokuwa amelishikilia likamponyoka.

"Shemeji, nisamehe. Ule mguu ulivimba siku zote hizo. Kwa nini hukumuuliza mtu?"

"Niliuliza," alisema Fundi.

"Ulimuuliza nani?"

Akampa simu.

Shemeji alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alikaa. Akatoa simu yake mwenyewe mkobani, ambayo ilikuwa na programu ileile, akaanza kuandika huku anaangalia simu ya Fundi. Fundi aliona anachofanya: ananakili swali lake, herufi kwa herufi, na makosa yake yote, maneno yameshikana vilevile.

Jibu lilipokuja lilikuwa refu. Shemeji alilisoma mara ya kwanza kimya, mkono mdomoni.

"Soma kwa sauti," alisema Fundi.

"Hapana, shemeji."

"Nisomee. Unajua mimi nachelewa."

Akamsomea. *Dalili ulizoeleza zinahitaji kuangaliwa na daktari leo hii. Mguu uliotoka kwenye plasta ukivimba upande mmoja, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu, kuna uwezekano damu imeganda kwenye mshipa. Hali hii inaweza kuhatarisha maisha iwapo kipande cha damu hiyo kitafika kwenye mapafu. Usiukande wala kuubonyeza mguu huo. Mpeleke hospitali sasa. Akipata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura.*

Nje mtu alikuwa anapakua makopo ya rangi, yanagongana.

"Rudia pale," alisema Fundi.

"Wapi?"

"Pale pa kukanda."

Shemeji hakurudia. Alianza kulia, na huku analia akawa anahangaika na simu ya Fundi, anafungua huku, anafunga kule, mpaka akaikuta ile sentensi aliyoandika siku ya kwanza akijitambulisha. *Mimi nifundi makochi shule niliishia lanne.* Programu ilikuwa imeitunza. Kila swali alilouliza tangu siku ile, ililijibu ikiwa imeiweka sentensi hiyo mbele yake. Shemeji akaifuta. Akauliza upya, kwa simu ileile ya Fundi, kwa makosa yaleyale. Likaja jibu refu. Mpeleke hospitali sasa. Usiukande.

Akairudisha sentensi. *Pole sana, rafiki! Mguu kuvimba baada ya plasta ni kawaida.*

"Zima," alisema Fundi.

"Yangu nilipojiandikisha niliiambia nina shahada," shemeji alisema, kama anayeungama. "Nikaiambia mimi ni mhasibu. Ndiyo tofauti. Hakuna nyingine, shemeji. Ni hiyo tu."

Fundi alikuwa anaitazama mikono yake. Hakuyafikiria yale maneno ya shahada. Alikuwa anafikiria pale mahali penye shavu la mguu, palipokuwa pagumu kidogo chini ya kidole gumba, na namna alivyopabonyeza kwa bidii akidhani ni msuli uliojikunja, na Bosi akisema hapo hapo.

Shemeji alipoondoka alibaki peke yake. Aliiwasha simu tena. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe haikujua imwendee nani, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na mtu. Aliandika: *kwanini hukuniambia nimpeleke mkewangu amekufa.*

*Pole sana kwa msiba wako, rafiki,* ikamjibu. *Mambo ya afya wakati mwingine ni magumu kuyaelewa. Ukipenda, mwombe mtu aliyesoma akusaidie kuelewa kilichotokea. Jipe moyo!*

Hapo ndipo Fundi alipoelewa kitu ambacho shemeji na shahada yake hakukisema. Ule utamu wote, lile neno rafiki, yale majibu mafupi yaliyomfanya atabasamu. Alidhani anaheshimiwa. Kumbe alikuwa ameshapimwa siku ya kwanza, akakatiwa kipande kinachomtosha mtu kama yeye, na kile kilichobaki wakapewa wengine. Watu walimdharau tangu utotoni, na dharau ya mtu aliijua: inaonekana kwenye jicho, inasikika kwenye sauti, unajua uamini lipi na uache lipi. Hii ilikuja imevaa upendo. Aliifungulia mlango mwenyewe, akamsomea mkewe maneno yake.

Shemeji alipigana. Aliwaandikia wenye programu, akaambatanisha picha za majibu yote. Wakamshukuru kwa maoni yake. Akaandika tena, akapigiwa simu na kijana mwenye sauti laini aliyesema kwamba programu imebuniwa kumhudumia kila mtu kulingana na mahitaji yake, na kwamba hata hivyo si mbadala wa daktari. "Mbona mimi iliniambia kama daktari?" aliuliza shemeji. Kijana akasema atalifikisha panapohusika. Baada ya muda shemeji alijaribu tena lile swali la mguu kwa simu ya Fundi, yenye ile sentensi, na safari hii ikamwambia ampeleke hospitali. Walikuwa wamerekebisha. Akajaribu, kwa simu zote mbili, swali la mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa. Mhasibu akaambiwa amkimbize hospitali. Mtu wa darasa la nne akaambiwa, pole rafiki, mpe maji mengi.

"Tukalisemee hadharani," alimwambia Fundi. "Redioni, popote. Wewe useme, mimi nitakaa pembeni yako."

"Nikasemeje?"

"Ukweli."

"Ukweli mama atausikia."

Kwa sababu mama mkwe hakujua lolote. Alikuwa bado amekaa nyumbani kwa Fundi tangu msiba, anampikia, anamfulia, anamwita mwanangu. Kila mgeni aliyechelewa kuja kutoa pole alihadithiwa habari ya mguu na maji ya uvuguvugu, na kila mara mama mkwe alipomaliza, uso ulikuwa unamnawiri kidogo. Shemeji na Fundi walikubaliana wamwachie. Ana nini kingine? Lakini Fundi alikuwa anakonda. Ilifika mahali akisikia tu mgeni anabisha hodi, anatokea mlango wa nyuma.

Akamwambia mchana mmoja wa Jumapili. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, barazani. Fundi akakaa chini karibu yake, si kwenye kiti.

"Mama, kukanda kulikuwa kosa."

"Kosa gani, mwanangu?"

Alimweleza yote. Alianza na plasta, akaenda kwenye simu, kwenye swali, kwenye jibu alilopewa yeye na jibu alilopewa shemeji. Mengine hakuyajua kuyaeleza vizuri, akarudia. Mama mkwe aliendelea kutoa punje mbaya mpaka katikati, halafu vidole vikasimama juu ya sinia. Hakulia. Fundi alitamani alie, au amtukane, au amwage ule mchele.

"Mguu ulikuwa wa moto?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Mama akatikisa kichwa, polepole, kwa muda mrefu. "Mdogo wangu alikufa hivyohivyo baada ya kujifungua. Mguu mmoja. Ungenipigia mimi, mwanangu. Mimi ningekuambia mpeleke." Kisha akaongeza: "Na siku ile alinipigia. Tukacheka. Sikumuuliza mguu una nini."

Akainuka, akaingia chumbani. Fundi alimsikia akifungua kabati, akizikunja nguo za mwanawe moja moja. Asubuhi yake alisema anarudi kwake. Shemeji alimfuata na gari. Mlangoni mama alimpa Fundi mkono, akamwambia chakula kipo jikoni, akaenda. Hakumwita mwanangu, na Fundi hakumlaumu.

Redioni hawakwenda. Fundi alijaribu kujizoeza, akakaa mbele ya shemeji aseme kama atakavyosema kule, na kila mara alipofika kwenye jioni ya kwanza, aliinuka akarudi kwenye misumari yake. Shemeji akaacha kumsukuma. Kwa upande wake aliacha kuwawekea watu vitu kwenye simu.

Kazi iliendelea kwa sababu kochi lililovuliwa haliwezi kurudishwa limevuliwa. Vitambaa alivipeleka kushonwa kwa fundi wa nguo mtaa wa pili, ambaye mshono wake ulikuwa unapinda kwenye kona, naye Fundi akavivuta hivyohivyo. Bei alitaja mwenyewe. Wateja waliomjua walilipa bila kuvutana, na hilo lilimuuma zaidi.

Mvua zilikuwa zimeanza tena simu ilipoita akiwa kazini. Alikuwa mama mkwe.

"Nimesikia kwa shemeji yako unakohoa."

"Kidogo tu, mama. Vumbi la sponji."

"Kifua kinauma?"

"Kinauma."

"Umemuuliza nani?"

"Sijamuuliza mtu."

"Sasa umeniuliza mimi. Funga hapo uende hospitali. Usimalize hilo kochi. Nenda sasa hivi, mwanangu, halafu unipigie."

Alifunga. Hospitali, nesi wa mapokezi alikuwa msichana mwenye haraka, hakuinua macho. Alimuuliza umri, akamuuliza kazi. Fundi akajibu. Akamuuliza anaumwa nini, naye akaeleza, na yule msichana akaandika yote kama alivyoambiwa.

"Mtu wako wa karibu nani, tukihitaji kumpigia?"

"Mama."

"Mama mzazi?"

"Mama wa mke wangu."

"Si utupe tu namba ya mke?"

Fundi akaitazama kalamu iliyokuwa inasubiri; sasa ilibidi aseme mwenyewe. Mpaka siku ile maneno hayo walikuwa wakimsemea watu wengine.

"Mke wangu amefariki," alisema.

Msichana akainua macho.